Naomba ushauri: "otsukaresama" naitumiaje kwa bosi?

Wakuu, habari za kazi. Niko Nagoya, Japani; mchana nasoma Kijapani, jioni naosha vyombo kwenye mgahawa. Kuna neno linanisumbua: otsukaresama. Nilipolielewa nilifurahi sana, maana niliona ndiyo "pole na kazi" yetu kabisa. Hata ndani yake mna tsukare, yaani uchovu.

Juzi zamu ilipoisha, bosi alikuwa ameinama anafuta jiko. Nikamwambia kwa heshima zote, "Gokurosama deshita," nayo ni aina ya "pole na kazi", maneno ambayo yeye hutuambia sisi. Kitambaa kikasimama. Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa taratibu, akaendelea kufuta. Tulipotoka nje mwenzangu akanieleza kwamba gokurosama hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Yaani nilifanya kama mjukuu anayesubiri shikamoo ya babu yake! Nimeumia, kwa sababu mzee yule amenipokea vizuri mno.

Najua sasa kwamba nikiwatangulia wenzangu kuondoka nasema "osaki ni shitsurei shimasu" (yaani samahani, natangulia), nao wanaobaki wananijibu "otsukaresama deshita". Ninapokwama ni hapa: nikiingia saa kumi na moja jioni nikamkuta bosi ameshafanya kazi tangu asubuhi, mimi ndiyo kwanza naanza, nimwambie "otsukaresama desu" au nimsalimie tu? Na lile la juzi, nimwombe radhi au nikilirudia ndiyo nitalikuza?

Mliofanya kazi huku muda mrefu, naombeni mnisaidie. Kesho jioni nina zamu.