Anayeiita Januari mwezi wa sifuri amenidhalilisha KIA

Fundi wa Njiro:
Wakuu, sitamtaja, kwa kuwa kila anayetengeneza tovuti anamjua: yule, lugha ya kuandikia programu, aliyetungwa kwa siku 10 mwaka 1995 na ambaye leo hakuna kivinjari kinachoweza kumkwepa. Jana, tarehe 5 Julai, mgeni wetu, bibi aliye rika la mama yangu, alishuka uwanja wa ndege wa KIA saa nne usiku akiwa na mabegi matatu na kofia ya jua, akatafuta bango lenye jina lake asilione, kwa sababu dereva alikuwa amelala kwake Sakina akijua mgeni anafika tarehe 5 Agosti.

Kwenye programu, mwezi mimi niliuandika 7. Kwa kiumbe huyu Januari ni 0, kwa hiyo 7 ni Agosti. Lakini siku anazianzia 1, kama watu wenye akili timamu. Tena ukimwandikia tarehe hiyo hiyo ndani ya alama za nukuu, ghafla anakumbuka kwamba 07 ni Julai! Bosi amenipigia simu mara elfu moja, na nadhani hata Mlima Meru umesikia nilivyoitwa. Kofia ya jua, wakuu, saa nne usiku!

Mzee wa Seva:
Maelekezo ya JavaScript yanasema hivyo tangu zamani, nawe umeyasoma leo, baada ya kumlaza bibi wa watu kwenye benchi.

Fundi wa Njiro:
Hakulala kwenye benchi. Alikalia begi, na kofia yake kichwani.

Binti Kibosho:
Afadhali kosa la mwezi mzima, maana linaonekana. Mimi nilimpa tarehe isiyo na saa, akaihesabu kuwa usiku wa manane wa UTC, ile saa ya kimataifa; hapa Moshi, tulio mbele kwa saa 3, kila kitu kilikuwa sawa, lakini mteja wa Chicago akaona siku moja nyuma, akakata tiketi ya ndege kwa siku hiyo, na usiku wa ziada hotelini nimeulipa mimi.

Mwana wa Soweto:
Mfumo wangu wa tiketi za basi uliandika 08:00, na mama yangu mzazi akafika stendi saa 8 mchana, amevaa kitenge kipya na kubeba mkungu wa ndizi.

Binti Kibosho:
Mama hana kosa. Ulipaswa kutoa 6 na kuandika saa 2 asubuhi.

Mzee wa Seva:
Basi la 03:00 utaliandika saa hasi 3?

Binti Kibosho:
Unaongeza 12, mzee wangu, unapata saa 9 usiku.

Fundi wa Njiro:
Na bibi yangu wa KIA je?

Mzee wa Seva:
Subiri kwanza. Huo mkungu uliishia wapi?