Tupeane uzoefu: mtoto alipoadhibiwa shuleni bila kusikilizwa, ulimteteaje?

Mwanzisha mada

Wapendwa, mwanangu wa miaka 14 alisimamishwa masomo kwa wiki mbili akituhumiwa kuvunja kioo cha dirisha la maktaba. Barua aliyokuja nayo ilikuwa na mistari mitatu tu. Chini yake palikuwa na nafasi iliyoandikwa “Maelezo ya mwanafunzi”, na hapo mtu alikuwa amepiga kistari kwa wino wa bluu, kana kwamba mtoto hakuwa na la kusema. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba hakuna aliyemwomba maelezo yoyote.

Kistari kile ndicho kilichonipeleka shuleni asubuhi yake. Sikwenda kugombana, kwa kuwa najua mzazi akipandisha sauti, kikao hugeuka kuwa cha kujadili adabu ya mzazi. Niliuliza nani alimwona, ni kanuni ipi ya shule iliyotumika, na kwa nini hakuhojiwa. Faili lilipofunguliwa mbele yangu, halikuwa na jina la shahidi hata mmoja. Adhabu ilifutwa siku ya nne, lakini barua imebaki katika kumbukumbu zake, nami bado nafuatilia iondolewe. Naomba waliopitia haya watueleze walifanya nini.

Mama wa watoto watatu

Pole sana, ndugu yangu. Mimi nilipoandikia bodi ya shule kwa maneno yangu mwenyewe, sikujibiwa. Barua ya pili niliiandika nikinukuu Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao katika Ibara ya 12 unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika shauri linalomhusu, na katika Ibara ya 28 unazitaka nchi zihakikishe kwamba nidhamu ya shule inasimamiwa kwa namna inayolingana na utu wa mtoto. Safari hii niliitwa. Kwa walio Afrika, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema jambo la namna hiyo katika Ibara ya 11. Andikeni, wekeni tarehe, na bakini na nakala.

Msaidizi wa kisheria

Wazazi wengi ninaowasaidia huogopa kwamba kudai haki ni kuomba mtoto aendeshewe kesi nzima yenye mawakili. Sivyo. Nchini Marekani, mwaka 1975, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Goss dhidi ya Lopez, iliyotokana na wanafunzi wa Columbus, Ohio, waliosimamishwa masomo bila kusikilizwa. Majaji watano dhidi ya wanne walisema kwamba hata kwa adhabu isiyozidi siku 10, mwanafunzi aambiwe kosa lake, na akikana aelezwe ushahidi uliopo, kisha apewe nafasi ya kusimulia upande wake. Mazungumzo hayo yanaweza kwisha kwa dakika chache. Uamuzi huo haufungi nchi nyingine, lakini mimi huutaja vikaoni ili kuonyesha kwamba tunachoomba si kikubwa.

Mwalimu mstaafu

Nimesoma haya kwa uchungu, maana nilikuwa mwalimu wa nidhamu kwa miaka mingi na vistari vya namna hiyo nimevipiga mwenyewe. Siku moja nilikuwa nikifunga daftari la adhabu la muhula, nikaona majina yale yale sita yakijirudia ukurasa baada ya ukurasa. Hawakuwa watundu kuliko wenzao. Walikuwa watoto ambao hakuna mtu wa kwao aliyewahi kufika shuleni kuuliza. Kwa kosa lile lile la kutoroka kipindi, mtoto ambaye baba yake alijulikana alipewa onyo, na mmoja wa hao sita akarudishwa nyumbani. Tangu siku hiyo nilikataa kutia saini adhabu yoyote kabla sijaangalia kosa kama hilo liliadhibiwaje mara ya mwisho. Wazazi, ombeni kuoneshwa jambo hilo.

Mwanafunzi wa zamani

Mimi nina kigugumizi. Kamati ya nidhamu ilinipa nafasi ya kujieleza, lakini maneno yalipokwama, ukimya wangu ukaandikwa kuwa nimekiri. Shangazi yangu aliomba kikao kirudiwe, nikaruhusiwa kuandika. Nilijaza kurasa mbili, na walizisoma zote.

Mwanzisha mada

Mwanafunzi wa zamani, hilo lilikuwa halijanipitia akilini kabisa. Nina kikao na bodi siku ya Alhamisi. Pamoja na kuomba barua iondolewe katika faili, nitaomba fomu yenyewe ibadilishwe, ili sehemu ile ijazwe na mtoto kwa mkono wake kabla adhabu haijatamkwa, na mwalimu asiruhusiwe kuijaza kwa niaba yake. Mwalimu, nitaomba pia daftari la adhabu.