IST inachemsha kwenye foleni, feni imeungwa dairekti na thamostati imetolewa. Naomba ushauri

Sangara_Igombe
Mwangaluka wakuu. Gari ni Toyota IST, injini 1NZ. Hali yake ni hii: thamostati (vali ya maji inayofunguka kwa joto) imetolewa. Feni imeungwa dairekti, ukiwasha tu inazunguka. Tanki la juu la rejeta (lile la plastiki) lina ufa wa kama sentimita 4, umezibwa kwa supagluu na majivu. Mpira wa juu umezungushiwa tyubu ya baiskeli. Mfuniko wa rejeta umetolewa raba yake "ili presha isipasue tena". Ndani ni maji ya ziwa matupu.

Ikitembea kwenda Usagara taa ya bluu (ya injini baridi) haizimiki. Ikikaa kwenye foleni ya Buzuruga au ikipanda Bugando, taa nyekundu (ya joto kali) inawaka. Nianze na kipi? Ile dawa ya kumwaga ndani ya kuziba ufa inafaa?

Nyegezi_Juu
Mfuniko kwanza. Mwanza tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hata 100 hayafiki. Mfuniko mzima ulioandikwa 1.1 (ndiyo presha yake) unayabana mpaka karibu nyuzi 120 ndipo yachemke. Aliyetoa raba amekunyang'anya zaidi ya nyuzi 20 za usalama. Halafu raba ile ndiyo inayoyarudisha maji kutoka rizevu (kile kichupa cha maji ya akiba) injini ikipoa. Bila hiyo unapunguza maji kila siku.

Gati_Kamanga
Thamostati achana nayo mkuu. Hiyo ni ya nchi za baridi, huku kwetu ya nini?

Fundi_Mabatini
@Gati_Kamanga hapana, na kwenye 1NZ kuitoa kunaongeza joto. Inakaa upande wa maji yanayoingia kwenye injini, mpira wa chini wa rejeta unapoishia. Ina kazi mbili. Ikifika nyuzi 82 hivi inaanza kufungua njia ya rejeta, na inavyozidi kufunguka, kile kisahani chake cha nyuma kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji inazunguka humohumo ndani bila kupita kwenye rejeta. Barabarani upepo unakuokoa mpaka injini inakuwa baridi kupita kiasi, ndiyo hiyo taa ya bluu: kompyuta inadhani ndiyo kwanza umewasha, inaongeza petroli. Kwenye foleni upepo haupo, inachemsha. Gari moja, magonjwa mawili, chanzo kimoja.

Tena ukikuta povu la maziwa chini ya mfuniko wa oili usikimbilie kusema gasketi ya hedi (ile inayokaa kati ya hedi na bloku ya injini) imekufa. Injini isiyopata moto inashindwa kukausha unyevu wake. Angalia kwenye dipstiki: oili ya huko ikiwa safi, vuta subira.

Sasa feni. Inazunguka muda wote halafu bado inachemsha kwenye foleni? Hapo nashuku waya zimegeuzwa. Feni ya IST iko nyuma ya rejeta, inatakiwa kuvuta upepo kutoka mbele. Ukibadilisha chanya na hasi mota inazunguka kinyume na kusukuma hewa ya moto ya injini kwenye rejeta. Chukua karatasi ya daftari, iweke mbele ya rejeta gari ikiwa imesimama. Ikinata, sawa. Ikipeperuka, umepata mchawi.

Sangara_Igombe
Karatasi inapeperuka mkuu. Tena hewa inayotoka mbele ni ya moto.

Fundi_Mabatini
Geuza waya leo hiihii. Kisha rudisha mfumo wake: kagua fyuzi ya feni (ampea 30), halafu rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), halafu soketi ya mota, mara nyingi soketi ndiyo inaungua. Ikishindikana kabisa, weka rilei ya pini nne: 30 kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 30 iliyo jirani na betri, 87 kwenye feni, 85 kwenye bodi ya gari (hasi), 86 swichi. Waya wa kwenda kwenye feni uwe wa milimita 4 za mraba. Waya wa spika bila fyuzi ni moto unaosubiri siku yake.

Nyegezi_Juu
Dawa ya kuziba usimwage. Ufa wa sentimita 4 haiuwezi, lakini vijia vyembamba vya rejeta na vya hita itaviziba vizuri sana. Supagluu nayo inakauka kama kioo, plastiki ikipanuka kwa joto inabanduka. Tafuta rejeta nyingine. Ukichukua ya mtumba, ziba midomo yote, izamishe kwenye beseni, puliza kwa pampu ya baiskeli mpaka bar 1. Tanki likiwa limegeuka kahawia na ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga, iache.

Mpira ukipasuka mwishoni, penye kilipu, kata sentimita 2 urudishie kama urefu unaruhusu. Ukipasuka katikati, nunua.

Gati_Kamanga
Sawa, nimeelewa ya thamostati. Ila kabla hajanunua rejeta apime gasketi.

Fundi_Mabatini
Kweli. Injini ikiwa baridi kabisa, jaza maji mpaka mdomoni, acha wazi, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa. Yakiendelea mfululizo dakika tano, au mpira wa juu ukawa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja ukiwa umefunga mfuniko mzima, hedi inavujisha. Hapo usikubali hedi isuguliwe kwa msasa juu ya kioo, ipelekwe mashineni.

Sangara_Igombe
Nimepima. Mapovu yametoka kama nusu dakika yakakata.

Fundi_Mabatini
Gasketi nzima. Mwaga maji ya ziwa yote: hayana chumvi nyingi, ila yana mwani na tope, na hayana dawa ya kuzuia kutu. Bloku ni alumini lakini silivu (kuta za silinda) ni za chuma. Suuza mpaka yatoke meupe. Thamostati ifunge na raba yake mpya, kile kitundu chenye kipini kitazame juu ili hewa ipite. Nati zake usizikabe kwa hasira. Jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji safi, kama lita 5. Hita weka moto wa mwisho, mfuniko wazi, binyabinya mipira, subiri mpaka mpira wa chini upate moto na feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Funga. Kesho asubuhi angalia rizevu kabla ya kuwasha.