Tupeane uzoefu: kufufua Land Cruiser Mkonga ya zamani kwa bajeti ndogo

#1
Wakuu, uzi huu ni wa Mkonga za zamani, hasa HZJ75 za miaka ya 1990: injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, springi za majani mbele na nyuma. Nyingi zimetumika kwenye miradi, hospitali za misheni na utalii, kisha zikauzwa zikiwa hoi. Gari hizi zinafufuka, na ni haki zifufuliwe. Kila anayejua eneo lake aweke utaratibu: unafungua nini, kipimo ni kipi, na ukikiruka kitu gani kitaharibika.

Mpangilio wa matumizi ya pesa ni huu: chesisi kwanza, halafu breki na steringi, halafu mfumo wa kupoza injini, halafu mafuta na mkanda wa taimingi, halafu umeme. Rangi, bampa na taa za juu zinakuja mwisho kabisa. Hela nyingi kwenye Mkonga hupotea kwa kununua spea wakati tatizo ni uchafu au kitu kilicholegea. Mfano: oili inavuja kwenye pinioni ya difu, fundi anabadilisha sili, baada ya muda mfupi inavuja tena. Angalia kwanza kile kidude cha kupumulia juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, difu likipata moto hewa ya ndani inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili. Kifungue, kioshe kwa dizeli, kipulize mpaka hewa ipite, kisha unganisha mpira mwembamba uupandishe hadi kwenye boneti ili gari likivuka mto lisinyonye maji. Fanya hivyo kabla hujagusa sili yoyote.

#2
Nianze na chesisi. Osha kwa maji ya presha, liache likauke, kisha pita na nyundo ndogo nzima nzima. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti nzito iliyokufa. Gonga zaidi kwenye masikio ya springi, juu ya ekseli ya nyuma, na pale boksi la steringi linapofungwa. Hapo kwenye boksi tafuta nyufa, si kutu tu. Mtu ashike usukani azungushe kushoto na kulia injini ikiwaka, wewe uwe chini na tochi. Boksi likicheza dhidi ya chesisi, ama bolti zimelegea ama chuma kimepasuka.

Ufa hauchomelewi juu juu. Toboa tundu la milimita 5 au 6 pale ufa unapoishia ili usiendelee, saga mfereji wa V kwenye ufa wote, chomelea mpaka ndani, kisha weka bati la kuongeza nguvu. Bati hilo likatwe ncha kama almasi, lisiwe mraba. Mshono uliosimama wima kukatiza chesisi huanzisha ufa mpya pembeni yake. Kabla ya kuchomelea toa nyaya za betri na chomoa alteneta, la sivyo dayodi zinaungua.

Na kabla ya kununua gari lenyewe, linganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi, upande wa tairi la mbele la kulia, na ile ya kwenye kadi. Sehemu hiyo ikiwa imesagwa au imepakwa puti, achana nalo.

#3
Mbele ndiko kwenye kazi kubwa, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Nazungumzia yale matufe mawili ya chuma mwisho wa ekseli, yanayozungukiwa na kifuko chenye sivi jointi (kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona) na beringi za kingpini (pini za juu na chini ambazo gurudumu hukatia kona). Ukiona uji mweusi, mchanganyiko wa grisi na oili, unachuruzika ndani ya rimu, sili ya ndani ya ekseli imekwisha. Oili ya difu inapita, inayeyusha grisi ya sivi jointi, beringi zinakauka. Hapo wengi hufuta uji na kuongeza grisi kwa nipo (kichuchu cha kusukumia grisi). Haisaidii, kwa sababu oili itaendelea kuja na difu litabaki na upungufu.

Nunua seti kamili ya sili kwa kila upande: sili ya ndani, pete ya mpira, ufito wa manyoya, pete za chuma, gasketi. Ongeza beringi za kingpini, mbili kila upande. Beringi za gurudumu zioshe na uzikague. Zisipokuwa na mashimo wala rangi ya bluu ya kuungua, zinarudi.

Weka gari kwenye stendi, si jeki peke yake. Toa kalipa uifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wa breki. Fungua friwili (kifaa cha nje ya habu kinachounganisha gurudumu na ekseli). Nati zake zina pete za koni zilizokwama. Usizichokonoe kwa bisibisi. Gonga ubavu wa habu kwa nyundo ya shaba, zinaruka zenyewe. Ndani kuna nati mbili kubwa za milimita 54 na bati la kufungia katikati yake. Tafuta soketi yake halisi. Patasi na nyundo huharibu nati, na hiyo nati ndiyo inayoshika gurudumu lako.

Ukitoa spindo (bomba la chuma linalobeba habu), ekseli na sivi jointi vinatoka pamoja. Kisha mkono wa steringi na kifuniko cha upande wa pili. Chini yake kuna shimu, yaani vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi. Weka alama za kila upande, usichanganye. Osha kila kitu, sugua tufe kwa msasa laini wa maji. Likiwa na mashimo ya kutu, mpira mpya utakatika mapema.

Sivi jointi ikiwa inalia kidogo tu kwenye kona kali, badilisha: ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Zile shafti fupi na ndefu hubaki upande wake. Gololi za ndani zinaanza kusukuma ukuta ambao haujaliwa, na unapata maisha mengine bila kununua.

Wakati wa kufunga, grisi ya molibdenamu namba 2 iingie kwenye sivi jointi, izungushwe mpaka ipenye, na kifuko kijazwe kama robo tatu. Beringi za gurudumu zinataka grisi ya lithiamu. Nati ya ndani kaza Nm 59 (kipimo cha nguvu ya kukaza), zungusha habu pande zote mbili mara kadhaa, ilegeze, kisha ikaze tena kidogo tu, kama Nm 5. Ukivuta bolti ya gurudumu kwa mizani ya springi, habu ianze kuzunguka kati ya kilo 2.8 na 5.7. Weka bati la kufungia, nati ya nje Nm 64, kunja bati. Ukipita hapo beringi inaungua, ukipungukiwa gurudumu linacheza.

Kwa kingpini, kabla ya kurudisha ekseli, sukuma kifuko kwa mkono. Kisogee kwa uzito kidogo bila kukwama, na kisianguke chenyewe. Kikianguka, punguza shimu.

#4
Nikazie kwa mkuu #3: usukani kutetemeka ukifika kilomita 60 au 80 kwa saa, wengi wanakimbilia kununua shokapu ya steringi. Ile inaficha tu. Fuata mpangilio huu: balansi ya matairi, beringi za gurudumu, tai rodi endi zote (viungo vya fito za steringi), yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli, halafu beringi za kingpini. Kila kimoja kinapimika bure kwa kuinua tairi na kulitikisa. Likicheza juu na chini, mwambie msaidizi akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingpini.

#5
Kwa upande wa injini, 1HZ ni mvumilivu kuliko injini nyingi, lakini isiachiwe mkanda wa taimingi. Ni kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa yake. Usipojua historia ya gari, badilisha leo pamoja na tenshana yake. Mkanda ni mfupi, unaunganisha puli ya pampu na ya kemushafti, kwa hiyo puli ya kranki haifunguliwi. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na bajeti yote imekwisha.

Ukiwa hapo pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea 0.35 hadi 0.45. Ziko 12. Marekebisho ni kwa vidonge vya chuma, na vidonge hivyo usinunue vyote. Pima kila kimoja kwa maikromita, andika kwenye karatasi, kisha vihamishe. Kidonge kinene cha hapa kinaweza kuwa ndicho kinachohitajika kule. Mara nyingi unabaki unahitaji vichache tu.

Gari gumu kuwaka asubuhi lakini mchana linawaka vizuri? Kabla ya kupeleka pampu kwa fundi, weka kipande cha mpira unaoonekana ndani kati ya filta na pampu. Washa, angalia. Mapovu yakipita, kuna mahali hewa inanyonywa: kibano cha mpira, pampu ya mkono ya filta, au bomba lililotoboka juu ya tangi. Moshi mweupe asubuhi tu, pima plagi za joto moja moja. Moshi mweusi ukiwa na mzigo, safisha filta ya hewa kwanza, nozeli baadaye.

Tangi lishushwe lioshwe. Tope la tangi la miaka 30 litakula nozeli mpya.

#6
Watu wa gereji wana tabia ya kutoa thermostati (valvu inayofunguka maji ya injini yakipata moto) gari likichemsha. Kwenye injini hii usikubali. Thermostati ikifunguka ndiyo inayofunga baipasi, ile njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, baipasi inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na kwenye mlima mrefu gari linachemsha zaidi.

Kinachochemsha Mkonga mara nyingi ni rejeta iliyoziba kwa chokaa ya maji ya kisima, na feni iliyochoka. Rejeta ifunguliwe vichwa vyote viwili na kupigwa fito, kupuliza peke yake hakutoshi. Feni ina klachi yenye mafuta ya silikoni. Ukizima injini ikiwa na moto na feni ikaendelea kuzunguka kwa ulaini, mafuta yamepungua. Ile klachi inafunguliwa na kuongezwa mafuta, si lazima mpya. Kisha kifuniko cha rejeta chenye presha sahihi na kulanti yenye dawa ya kutu. Maji matupu ndiyo yaliyokuletea ile chokaa.

#7
Salamu kutoka Mombasa. Swali kwa mafundi: turbo ya kuongeza kwenye 1HZ inafaa kwa mtu wa bajeti?

#8
Kwa bajeti ndogo, hapana. Injini hii inachoma kwenye vyumba vidogo vya silinda hedi, na mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1. Ukiongeza hewa na dizeli, joto linakaa kwenye hedi, na nyufa huanzia kati ya valvu. Wapo wanaoendesha kwa presha ndogo ya 0.5 bar kwa miaka, ila wana geji ya joto la ekzosi, rejeta nzima na pampu iliyopimwa. Ukiwa huna hivyo vitatu, pesa ya turbo ipeleke kwenye nozeli na rejeta. Gari litapanda mlima.

Kwa kuwa uko pwani, hofu yako kubwa iwe kutu. Mifereji ya paa, pembe za chini za kioo cha mbele, na sakafu ya nyuma chini ya zulia. Puti juu ya kutu ni kufunika kidonda. Kata mpaka chuma safi, weka bati la milimita 1 au 1.2, praima ya epoksi pande zote mbili, kisha dawa ya kuziba mishono. Mwisho pulizia nta ndani ya chesisi na milango, na hakikisha matundu ya kutolea maji chini ya milango yako wazi.

#9
Umeme, kwa ufupi. Betri mbili haimaanishi volti 24. Zilizotoka soko la ndani la Japani huwa 24, nyingi zilizoletwa kwa miradi ni 12. Pima kwa mita kabla ya kununua stata, alteneta au plagi za joto.

Taa za mbele hafifu: swichi ya zamani inabeba umeme wote. Balbu mbili za wati 55 zinavuta karibu ampea 9. Weka relei mbili za ampea 30, waya wa milimita za mraba 2.5 moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi, na waya wa zamani uamshe relei tu. Na pima waya wa ethi kati ya injini na betri wakati wa kupiga stata. Upotevu ukizidi volti 0.3, safisha miguu yake au ubadilishe.

#10
Springi na matairi. Jani lililolala likikunjwa upya kwa mhunzi bila kupikwa tena vizuri litalala mapema. Ni afadhali kununua pakiti iliyotumika yenye majani mazima kuliko kukunja. Pini na bushi ziwe mpya, na yu-bolti zilizovutika zisirudi. Ukiinua gari zaidi ya milimita 50, mipira ya breki inakuwa mifupi, na ile valvu ya mzigo kwenye ekseli ya nyuma inadhani gari ni tupu, hivyo inapunguza breki za nyuma. Rekebisha mkono wake.

Tairi la kawaida ni 7.50R16. Badala yake 235/85R16 lina urefu ule ule kwa karibu sana, kwa hiyo spidomita na giya havidanganyi. Zile rimu za vipande zenye ringi zipuliziwe ndani ya kizimba au zikiwa zimefungwa kwa mnyororo. Ringi ikiruka inaua.

Vikombe vya mpira vya breki visioshwe kwa dizeli wala petroli, vinavimba na breki zinakwama. Oshea mafuta ya breki yenyewe.

#11
Mkuu #10, yu-bolti zikazwe tena baada ya kilomita ngapi?

#12
Kilomita 500 za kwanza, gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote kwenye matairi. Kaza kwa mkingamo, si upande mmoja kwanza. Siku hiyo hiyo gusa habu za mbele baada ya mwendo: uvuguvugu ni sawa, lakini kama huwezi kuacha kiganja hapo, umekaza beringi kupita kiasi au kalipa imeshika. Angalia pia usawa wa oili ya difu la mbele. Usawa huo ukiwa umeshuka na ndani ya rimu kuna unyevu mweusi, sili ya ndani ilikaa mshazari wakati wa kugongwa, fungua upande huo tu.