Yule wa kofia ya njano kaninyang'anya kinga (baiskeli yangu), kampa mtoto, mimi nikabebeshwa bidoni (dumu) la pombe

Mzee_wa_Nguba:
Ndugu zangu, naandika nikiwa bado na matope masikioni. Jina sitaji. Watu wa Bukavu mnamjua: kofia ya njano, miwani ya jua hata mvua ikinyesha, na toka arudi Ufaransa hawezi kupita kando ya mgomba bila kutoa mhadhara.

Dola 15 kila mtu. Aliita "Njia ya Mvinyo na Historia": tunatoka Bukavu kwa kinga, Mudaka, Miti, tunapanda Tshivanga kwenye lango la hifadhi ya Kahuzi-Biega, tunashuka Lwiro. Nikamuuliza, mvinyo gani huko Kabare? Akasema, "Papa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ni mvinyo, mgomba ni mzabibu, tatizo lenu hamjui kujiuza." Nikalipa. Huo ujinga ni wangu, nimeumeza.

Mpaka Miti nilikuwa muzuri kabisa. Toka Miti njia inaanza kupanda, migomba huku na huku, na mimi nikashuka kidogo KUKAZA MNYORORO. Rudieni kusoma. Kukaza mnyororo. Si kupumzika. Yule bwana akaja, akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa sokoni, akamwita mtoto wa miaka 12 aliyekuwa anapita na bidoni ya kasiksi kichwani. Akasema, "Mutoto, hebu muonyeshe papa namna kinga inapandwa."

Mbele ya watu 14!

Mtoto ana kandambili, tena moja imeshonwa kwa waya. Kiti kimemzidi urefu, akapitisha mguu ndani ya fremu, akaondoka amejipinda kama ndizi. Akapanda. Kinga yangu, nimeinunua miezi miwili! Na kabla ya kuondoka akaniwekea bidoni yake mikononi, kwa heshima zote: "Papa, nishikie."

Mimi, baba wa watoto watano, nimepanda Tshivanga kwa miguu na lita kumi za kasiksi begani, nikimfuata mtoto wa miaka 9 aliyekalia mali yangu, watu 30 wanapiga makofi. Na kofia ya njano anapiga picha. Kule juu mtoto akakataa kushuka mpaka nimpe faranga elfu mbili za "kuniletea kinga".

Lwiro ndiyo iliniua kabisa. Tumesimama mbele ya majengo ya IRSAC, taasisi ya utafiti ambayo Wabelgiji waliianzisha 1947. Historia iko pale, unaweza kuishika kwa mkono. Yeye ameyapa mgongo, anatusomea Saint-Émilion, mji wa mvinyo wa Ufaransa! Eti kule unaendesha kinga katikati ya mizabibu, unafika mjini unakuta kanisa limechongwa ndani ya mwamba, na mashamba yenyewe yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1999. Bwana wee, lango tulilotoka kupigia picha ni la Kahuzi-Biega, Urithi wa Dunia tangu 1980! Miaka 19 kabla ya hiyo mizabibu yake! Hakusema hata neno. Nilitaka kumkumbusha, lakini ukishabebeshwa bidoni na mtoto wa miaka 7 mbele ya nusu ya Kabare, nani atakusikiliza?

Dada_Kadutu:
Papa, mtoto alianza na miaka 12, akaenda 9, sasa ana 7. Ukiandika tena tutamkuta tumboni mwa mama yake.

Sambaza_Kavu:
Na watu walikuwa 14, wakawa 30, wakawa nusu ya Kabare. Mwami mwenyewe, chifu wa Kabare, alikuwepo?

Mzee_wa_Nguba:
Chekeni tu. Hamkubebeshwa ninyi. "Papa, nishikie." Hiyo sauti naisikia mpaka sasa.

Chukudu_Birere:
Sisi wa Goma tunawahurumia. Lami mnayo, gia mnazo, bado mnashuka "kukaza mnyororo". Huku mtu anateremsha chukudu, kile kibaiskeli cha mbao cha kubebea mizigo, toka Kibumba, viazi vimejaa mpaka haoni mbele, breki ni kandambili yake kwenye gurudumu. Tumemjengea sanamu ya dhahabu katikati ya mji. Wewe utajengewa sanamu ya bidoni.

Mzee_wa_Nguba:
Hiyo sanamu haina dhahabu, ni rangi.

Chukudu_Birere:
Na mnyororo wako haukulegea, ni mapafu.

Binti_Katana:
Mimi nilikuwepo. Kofia ya njano alikosea, tena sana, papa wa watu hafanyiwi vile mbele ya wageni. Lakini tuseme yote. Bidoni iliondoka Miti imejaa mpaka kwenye mfuniko. Ilifika Tshivanga nyepesi. Mama wa yule mtoto ameuliza.

Dada_Kadutu:
YESU MARIA

Sambaza_Kavu:
Kumbe mhadhara wa Saint-Émilion ulikuwa mrefu kwa sababu msikilizaji alikuwa anaona makanisa mawili.

Mzee_wa_Nguba:
Ilimwagika. Njia ni mbaya. Na mada ni kwamba nilivunjiwa heshima, si kasiksi.

Mkulima_wa_Kalehe:
Mada iwe kasiksi. Mnaimwaga ovyo kama maji wakati sisi migomba inakufa. Mnyauko ukiingia shambani, majani yanakuwa ya njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata unakuta usaha. Tunaambiwa tukate ua la kiume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, maana panga linabeba ugonjwa toka mgomba huu kwenda ule. Jirani yangu hasikii. Anapita na panga lake kama anakwenda vitani, shamba lake likiisha anakuja kusaidia la kwangu! Nimemwambia mbele ya wazee. Haoni haya.

Chukudu_Birere:
Jirani huyo tunaye hata huku. Wetu anafuga nguruwe.

Zabibu_Dodoma:
Samahani wana Kongo, napita tu. Mgomba hauwezi kuwa mzabibu hata ukiuvisha kofia ya njano. Zabibu njooni huku Dodoma, tunavuna mara mbili kwa mwaka, mapadri ndio walioanzisha kule Bihawana. Njia za vumbi tambarare, hakuna wa kukunyang'anya baiskeli. Na historia ukiitaka, unaendelea Kondoa, michoro ya miambani ya Kolo, Urithi wa Dunia 2006.

Sambaza_Kavu:
Kila mtu leo ana Urithi wa Dunia isipokuwa Mzee wa Nguba.

Mtoto_wa_Lushi:
Nyie mnalia na mlima. Lubumbashi mlima wetu ni ule wa mabaki ya kiwanda cha shaba. Toka kinga barabara ya Kasumbalesa uone: malori yamepangana kilomita na kilomita, ukirudi nyumbani mke anakufungulia mlango anauliza, "Unamtafuta nani?" Vumbi tupu. Ningepata mtoto wa kunipandia ningemlipa faranga elfu tano.

Binti_Katana:
Zabibu_Dodoma, huo mvinyo wenu mtamu au mchachu? Kasiksi nzuri ndizi zinaivishwa kwanza, zinakamuliwa kwa majani, ile juisi ndiyo mutobe, mtoto anakunywa. Ukitia mtama uliokaangwa, ukaacha siku mbili tatu, hapo mtoto anabeba tu.

Zabibu_Dodoma:
Tunao mtamu na mkavu. Mtama mnatia kiasi gani?

Binti_Katana:
Bibi hapimi. Anatia kwa mkono.

Mzee_wa_Nguba:
Jamani, na ile picha ameiweka leo asubuhi. Mimi na bidoni. Ameandika chini, "Mvunaji."

Mkulima_wa_Kalehe:
Binti, mtama mwekundu au mweupe?

Dada_Kadutu:
Nani anajua bei ya mpira wa ndani wa kinga, namba 26, soko la Kadutu? Wa kaka yangu umepasuka jana.

Chukudu_Birere:
Chukudu haipasuki.