Naomba ushauri: mama ameondolewa saratani changa ya tumbo kwa endoskopi

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, aligundulika kuwa na saratani ya tumbo ikiwa bado changa, na wiki tatu zilizopita daktari aliiondoa kwa endoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni), yaani alidunga maji maalumu chini ya utando ili uvimbe uinuke, kisha akauchuna wote kwa kipande kimoja bila kupasua tumbo. Nilionyeshwa picha ya kipande hicho, kimetandazwa na kubanwa kwa pini pembezoni: milimita 18 tu, nacho kilitunyima usingizi mwezi mzima.

Majibu ya maabara yanasema kingo za kipande hicho ni safi, yaani hazina saratani, seli bado zinafanana kiasi na zile za kawaida, na saratani haikuingia kwenye mishipa ya damu wala ya limfu. Hata hivyo, imezama milimita 0.3 katika tabaka lililo chini ya utando, na hapo ndipo madaktari wawili wanapotofautiana. Mmoja anasema kwamba, kwa kuwa haijafika milimita 0.5, inatosha kumfuatilia kwa endoskopi. Mwingine anapendekeza upasuaji wa kuondoa sehemu ya tumbo pamoja na tezi za limfu. Mama ana maradhi ya moyo, hivyo naelemea upande wa kwanza, ingawa nahofia kwamba huruma ndiyo inayoniamulia.

Mliopitia hali hii, mlichagua njia ipi, na mlirudi kupimwa kila baada ya miezi mingapi? Vilevile anatumia dawa za kuua bakteria wanaoishi tumboni, waitwao Helicobacter pylori. Kipimo cha kuthibitisha kwamba wamekwisha kifanyike lini?