Tupeane uzoefu: Kiitaliano kilichokusaidia (au kukuaibisha) Italia

Habari zenu. Mimi na mume wangu tunakwenda Roma na Napoli mwezi ujao. Viza ya Schengen imetoka, bima ya matibabu ya euro 30,000 tumekata. Imebaki lugha, na nina wiki tatu tu. Mliokwenda, nianzie wapi?

Mtu wa Malindi: Dada, mie Kiitaliano nimekiokota ufukweni, darasa sijui lilivyo. Huku Waitaliano tumewazoea tangu enzi za San Marco, kile kituo chao cha kurushia roketi baharini, miaka ya 60. Usiogope: irabu zao ni zetu zilezile tano, na maneno yao mengi yaishia irabu. Shida ni kusoma. "Ch" yao ni k, na "c" ikitangulia e au i ndiyo ch yetu. Kwa hiyo chiave, ufunguo, ni "kiave". Ciao ni "chao".

Na hiyo ciao iangalie. Nilikwenda Milano alikoolewa dada yangu, nikamrushia ciao mama mkwe wake, ajuza wa miaka themanini. Dada akanivuta jikoni: "Umemwambia mambo vipi!" Mkubwa au usiyemjua ni buongiorno, jioni buonasera. Ukimpita mtu ni scusi, samahani. Scusa ni ya rika lako.

Mama Pilau: Yangu ni ya tumbo. Niliagiza latte nikitaka kahawa ya maziwa, nikaletewa glasi ya maziwa matupu. Kesho yake nikaomba pizza ya peperoni nikitamani soseji, ikaja na pilipili hoho. Soseji ile ni salame piccante. Sokoni nako nikaona pera zimeandikwa, nikafurahi, kumbe ni mapeasi. Ukiona coperto kwenye bili usigombe kama mimi, ni malipo ya kukalia meza.

Msafiri wa Tanga: Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoani igonge muhuri kwenye mashine pale stesheni KABLA hujapanda. Mimi niliikunja mfukoni nikalala usingizi, nikaamshwa na faini. Jua pia binario (njia ya treni yako), uscita (pa kutokea), na sciopero, isome "shopero": mgomo. Ukiliona hilo limebandikwa, tafuta usafiri mwingine mapema.

Kimya Kingi: Bomba lenye C ni la MOTO. Caldo. Mgongo wangu shahidi.

Mama Pilau: 😂 Pole! Na maji ya kunywa Roma usinunue ovyo. Vile vibomba vya barabarani vinavyotiririka, nasoni, ni salama na bure. Beba chupa.

Mwanzisha mada: Ahsanteni jamani, naandika yote. Mume wangu kajifunza prego (karibu) tu, sasa kila kitu prego, hata nikimuuliza kama kalipa kodi. Swali la mwisho: "nipunguzie" wanasemaje?

Mtu wa Malindi: Mi fa uno sconto? Sema sokoni kwenye mitumba. Dukani watakutazama tu.